Msomee mtoto, usimtahini

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka saba aliponifunza kunyamaza. Tulikuwa tumekaa mkekani ukumbini, nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, yeye na kitabu cha sungura na fisi, mimi na daftari la maswali. Alikuwa anasoma vizuri, kidole chini ya mstari, na alipofika pale fisi anapobanwa mkia mlangoni akacheka peke yake. Nami, kwa bidii yote ya mama aliyeamua kusomesha nyumbani, nikamkatiza: "Haya, fisi ana tabia gani? Taja mbili." Kicheko kikakatika. Alilitazama daftari, akakitazama kitabu, akakifunga. "Mama, nimechoka." Baada ya dakika mbili nilimsikia uani akikimbizana na kuku wa jirani, na hakuna uchovu wowote katika sauti yake.

Tulianza kusomesha nyumbani kwa kulazimika, kama nyumba nyingi. Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na ilikuwa Januari 4, 2021 ndipo watoto wote wakarudi. Katika miezi hiyo mtoto huyu aliacha kuumwa na tumbo asubuhi. Shuleni alikokuwa, na shule yenyewe siitaji, kila alipokwama kwenye neno alisimamishwa mbele ya wenzake mpaka alitoe. Shule zilipofunguliwa, mimi na baba yake tulizungumza siku tatu, tukaamua abaki. Ndugu zake wawili wakafuata. Najua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mzazi jukumu la kuhakikisha mtoto anahudhuria shule, na najua wapo wasomaji watakaoniona nimekosea. Mjadala huo ni mkubwa na una siku yake. Leo nataka kusema jambo moja nililoliona kwangu na kwa majirani wawili wanaosomesha nyumbani kama mimi: tumewatoa watoto darasani, kisha darasa lenyewe tukalibeba tukaingia nalo sebuleni.

Tunawapa kitabu, halafu maswali kumi ya ufahamu. Tunawapa hadithi, halafu tunauliza funzo lake. Mtoto hachelewi kuona kwamba kila ukurasa una deni mwishoni, na mwenye akili hukimbia deni. Kwangu mimi, mtoto hupenda kusoma pale kusoma kunapokuwa jambo la nyumba, kama chakula cha jioni na mazungumzo yake, bila mtihani nyuma yake. Raha hiyo haiji yenyewe. Ina kazi, ina mpango, na mara nyingine ina gharama. Ila kazi hiyo ni tofauti na ile tuliyoizoea.

Kabla sijaelewa hayo nilijaribu zawadi. Nilimwambia kifungua mimba: kila kitabu ukimaliza, shilingi kumi. Juma la kwanza alimaliza vitabu tisa. Nilifurahi mpaka nilipoona anavyochagua: anapitisha kidole rafuni, anachomoa kilicho chembamba kuliko vyote. Juma la pili alikuwa anafunua kurasa bila macho kutulia popote. Nilipositisha zile shilingi kumi, kusoma nako kukasimama siku hiyo hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wawili, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Watoto walioahidiwa tuzo ili wachore walipoachwa huru siku nyingine walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Tuzo iliwageuzia mchezo ukawa kibarua. Kwangu ilichukua karibu miezi miwili kumrudisha mtoto kwenye rafu.

Kilichomrudisha ni kukatika kwa stima. Ilikuwa usiku wa mvua ya masika, televisheni imezima, watoto watatu kitanda kimoja. Nilichukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka 1952, nikaanza kusoma kwa mwanga wa tochi ya simu. Kiswahili chake ni kizito kwa mtoto wa miaka minane, nami sikukirahisisha. Tulikwenda mpaka Ikibali, mjumbe wa mfalme, analala nyumbani kwa Adili, na usiku wa manane anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, akiingia chumba cha siri, akiwalisha manyani wawili na kuwacharaza viboko huku machozi yakimtoka. Hapo nikafunga kitabu.

"Mama! Kwa nini anawapiga?"

"Hata Ikibali hajui. Lala, kesho."

Nilikiacha kitabu juu ya meza, wazi wazi. Saa nne usiku niliamka kunywa maji nikaona mwanga chini ya mlango wao. Sikubisha. Nilirudi kitandani nikiwa na furaha ambayo sijui nikwambie ilifanana na nini. Asubuhi kifungua mimba alikuwa anajua siri ya manyani wale, na alikuwa amekunja uso akiilinda, maana dada yake alikuwa anamwomba amwambie naye anamjibu, "Kesho. Lala."

Tangu usiku ule kusoma kwa sauti hakujakoma nyumbani. Wazazi wengi humsomea mtoto mpaka atakapojua kusoma mwenyewe, kisha huacha siku hiyo hiyo, kana kwamba kazi imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo haifai kuacha. Mtoto wa miaka minane anaweza kusoma peke yake sentensi za watoto, lakini masikio yake yako mbali zaidi ya macho yake. Anaelewa na kufurahia kitabu ambacho peke yake angekiweka chini ukurasa wa pili. Ukimsomea kitabu kilichomzidi kidogo, unampa hamu ya kukifikia. Na ukiacha pale patamu, unampa sababu ya kunyoosha mkono.

Binti yangu wa kati aliingia kwa mlango mwingine kabisa. Mimi ni fundi wa kushona. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeungana, na wateja wangu wakishanunua Mtaa wa Biashara huniletea nikate na nipinde. Binti huyu, akiwa na miaka mitano, kazi yake ilikuwa kushika ncha moja wakati nakunja. Siku moja nilimwona amesimama na ile ncha, midomo inacheza. Alikuwa anasoma jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake.

Ukiitazama kanga kwa macho ya mwalimu wa watoto wadogo, ni kitabu cha kwanza kizuri mno. Herufi zake ni kubwa. Zinakaa ndani ya kisanduku, peke yake, zimezungukwa na nafasi, macho hayapotei. Maneno ni machache, mara nyingine mawili tu. Na maneno yenyewe yana jambo ndani yake, si "baba ana bata" ambaye hana habari yoyote. Siku ile ilikuwa WEMA HAUOZI. Alisoma we-ma, akapumzika, akasoma ha-u-o-zi, kisha akayaunganisha, akakunja uso.

"Mama, kwani wema ni samaki?"

Nyanya yake, mama mkwe wangu, alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Alicheka mpaka sinia likatikisika, kisha akamwita, akamkalisha, akamweleza juu ya mtu aliyemtilia maji jirani yake miaka ishirini iliyopita, na jirani huyo alivyomkumbuka siku ya shida. Nilikuwa kwenye cherehani nasikiliza. Hapo palikuwa na ufahamu wote ambao daftari langu lilikuwa linautafuta, na swali lilitoka kwa mtoto mwenyewe.

Mama mkwe wangu alisomeshwa chuoni, si shule. Anasoma herufi za Kiarabu, Kurani na hata barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo, lakini hizi herufi za kizungu hazijui. Aliwaambia watoto kwamba zamani kanga ziliandikwa jina kwa herufi za Kiarabu, na ni kweli. Ndivyo ilivyokuwa kanga zilipoanza kutiwa majina. Basi wakagawana: mjukuu anamsomea nyanya kanga za sasa, nyanya anamwonyesha alifu na be. Binti akafungua daftari la majina ya kanga. Kila tukipita kwenye kamba ya nguo, kila mama akitupita njiani, yeye shingo imegeuka. Sasa ana miaka minane na daftari lina majina 112. Lile alilolipenda kuliko yote amelibandika juu ya kitanda chake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Sikumpa shilingi wala nyota ya karatasi kwa hata moja.

Nyanya huyo huyo alitufungulia mlango wa tatu. Ana simu ndogo ya vibonye na hupokea pesa kwa M-Pesa kutoka kwa watoto wake walio bara. Tuliiweka simu kwenye Kiswahili, na kifungua mimba akapewa kazi ya kumsomea kila ujumbe unapoingia: nani katuma, kiasi gani, salio limekuwa ngapi. Alikuwa na miaka tisa. Siku moja uliingia ujumbe kwamba nyanya amepokea shilingi 3,500, na dakika moja baadaye simu ikalia, mtu anaomba kwa unyenyekevu arudishiwe, eti ametuma kwa makosa. Nyanya alikuwa tayari anatafuta wa kumsaidia kurudisha. Mtoto akasema, "Nyanya, ngoja." Alikuwa ameona kwamba ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, haukuja kwa jina la M-Pesa kama mingine yote. Akaangalia salio, lilikuwa lile lile la jana. Walikuwa wezi. Hakuna kitabu cha mazoezi ambacho kingemfunza mtoto yule uzito wa kusoma mpaka mwisho kama ulivyomfunza ujumbe ule. Jioni nyanya alimpigia kila mtu simu kumsimulia, na mtoto aliyekuwa anasimamishwa darasani kwa kukwama kwenye maneno akawa ndiye msomaji wa nyumba.

Ya baba yao nayataja kwa kirefu kidogo, kwa sababu akina baba wengi hudhani jambo hili ni la mama. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala. Mwezi mmoja anaweza kuwa nyumbani siku sita tu. Kwa muda mrefu alijiona hana nafasi katika masomo ya watoto zaidi ya kutuma pesa. Mwaka jana alinunua nakala mbili za Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka 1996. Moja akaitia kwenye droo ya lori, moja akamwachia kifungua mimba. Walikubaliana: akifika foleni ya mpakani Malaba, na foleni ya Malaba wanaoijua wanaijua, atasoma kurasa chache, ajirekodi kwenye simu na kuzituma, naye mtoto afuate kwenye nakala yake.

Kitabu chenyewe kilikuwa kama kimeandikiwa nyumba yetu. Shujaa wake anaitwa Kongowea, jina la soko tunalonunua mboga, karibu kabisa na kwetu. Anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Mtoto anasoma habari za kijana anayemtafuta baba, huku baba yake mwenyewe anamsomea kutoka mpakani, na nyuma ya sauti unasikia injini, honi na mwanamke anayeuza ndizi za kuchoma.

Lakini kilichonigusa zaidi si hicho. Mume wangu alimaliza darasa la nane akaenda kazini. Si msomaji wa haraka. Katika rekodi zile hukwama. Hufika kwenye neno refu, akalirudia mara mbili, mara moja alisema, "Subiri kidogo mwanangu, hili neno gumu," kisha akalivunja vipande vipande mpaka likatoka, akaendelea. Nilimtazama mtoto anavyosikiliza mahali pale. Alisimamisha rekodi, akairudisha nyuma, akasikiliza tena baba akikwama na kujikwamua. Alifanya hivyo mara tatu. Hakusema kitu nami sikuuliza. Mtoto aliyefunzwa kwamba kukwama ni aibu alikuwa anamsikia mtu anayempenda kuliko wote akikwama bila aibu yoyote. Juma lililofuata yeye ndiye aliyerekodi sura nzima na kumtumia baba yake, asikilize akiendesha.

Baba akiwa nyumbani, wao wawili husoma kurasa za michezo za gazeti kwa zamu, na hakuna anayewauliza lolote.

Kitinda mimba ana miaka mitano na ndiye aliyenirudisha kwenye cherehani kwa kazi nyingine. Vitabu vya watoto wadogo kwa Kiswahili ni haba na bei yake si ya kila nyumba, hasa ukizingatia kwamba mtoto wa umri huo anakimaliza kimoja kwa dakika tano. Ila kuna mradi wa African Storybook, uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi hizo ziko kwenye intaneti, ni za bure, na mtu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzibadili. Mimi huzipeleka saiba, ukurasa shilingi kumi, huzirudisha nyumbani, nikakunja karatasi katikati na kushona mgongoni kwa cherehani. Kwa wenzangu wenye cherehani: tumia sindano namba 18 iliyokwisha kuchoka, kwa sababu karatasi humaliza makali ya sindano, na weka mshono mrefu kuliko yote, la sivyo matundu yatakaribiana na ukurasa utachanika kama stampu. Jalada nalikata kwenye boksi la biskuti, nalivika kipande cha kitenge kilichobaki.

Baada ya kushona vitabu kama kumi, kitinda mimba alitaka chake. Alikaa kwenye kigoda, akatunga, nami nikaandika vile vile anavyosema, neno kwa neno. "Mbuzi wa Mama Hawa kala nguo ya mama. Mama kapiga kelele. Mbuzi kaenda zake." Nilitamani kunyoosha Kiswahili chake nikajizuia. Yalikuwa maneno yake, kwa ulimi wa hapa kwetu. Alichora mbuzi, tukashona, tukatia kitenge. Kitabu hicho ndicho cha kwanza alichokisoma chote mwenyewe. Alikisoma kwa sababu alijua mbele kuna nini, na kila neno alilolitafuta lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwake. Sasa ametunga vinne, vyote vya mbuzi.

Hapa niseme neno kwa wazazi wenzangu. Wengi wetu tunaosomesha nyumbani tumenunua mitaala ya nje, na mitaala hiyo ni ya Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza. Siipingi, watoto wangu nao wanajifunza Kiingereza. Ninachopinga ni kumwanzisha mtoto kusoma kwa lugha asiyoisikia jikoni. Kiswahili kina wema mkubwa kwa mtoto anayeanza: kinasomwa kama kilivyoandikwa. Akishajua ba be bi bo bu, na ng'ombe, na chungwa, hakuna ukurasa utakaomfungia mlango. Ndani ya miezi michache anaweza kutamka chochote alichokiona, na kwa kuwa neno hilo analijua, anacheka, anaogopa, anauliza. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi zile zile zinabadilika sauti kila uendako. Mtoto anayeanzia huko hutumia miaka miwili kupambana na matamshi, na katika miaka hiyo miwili anaweza kuamua kwamba vitabu si rafiki zake. Raha ikishaota mizizi kwa Kiswahili, huvuka yenyewe kwenda lugha nyingine.

Nikiyasema haya kwa wenzangu, swali linalorudi ni moja: bila maswali, utajuaje kama ameelewa? Ni swali la haki. Wanaosomesha nyumbani wengi wanamjua Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, aliyefundisha kwamba mtoto akishasomewa mara moja asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Nilipoyasoma mafunzo yake nilihisi narudi utotoni, kwenye mikeka ya jioni, paukwa pakawa, ambapo hadithi uliyoisikia leo kwa nyanya kesho ungeitoa wewe kwa wadogo zako. Ila hata kusimulia kunaweza kugeuka mtihani. Nimejifunza kwamba inategemea anayesimuliwa. Mtoto akinisimulia mimi niliyemsomea, anajua kwamba najua, kwa hiyo ananipa majibu. Akimsimulia baba yake kwenye simu, au nyanya aliyekuwa sokoni, anatoa habari, na mwenye habari hutaka kueleweka. Hapo ndipo unasikia kama ameelewa: anapanga, anarudi nyuma, anasema "ngoja nilisahau kukwambia," anaigiza sauti. Mimi hukaa pembeni na kushona. Kila ninachotaka kukijua kinanifikia bila kuuliza.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya VAT ya 2013 ilivitoza vitabu ushuru wa asilimia 16. Kitabu cha hadithi cha mtoto hakipaswi kutozwa ushuru kama televisheni, na Bunge lingefanya jambo jema kuuondoa. Maktaba ya umma ya Tononoka tunaitumia, lakini kutoka Kisauni na watoto watatu ni nauli ya kwenda na kurudi, foleni ya daraja la Nyali, na nusu siku ya kazi yangu. Garissa, mwaka 1996, maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Kaunti yetu ina barabara za lami. Sanduku la vitabu mia moja katika ukumbi wa kila wadi, likibadilishwa kila baada ya miezi mitatu, haliwezi kutushinda.

Wakati tunangoja, sisi nyumba tatu tumejifanyia. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana chini ya mwarobaini uani kwangu. Kuna kapu la ukili, mtoto anatia kitabu anatoa kitabu. Hakuna orodha, hakuna anayeulizwa alichorudisha kilihusu nini. Wakubwa huwasomea wadogo, mama mmoja huleta mihogo, na kifungua mimba wangu, aliyefunga kile kitabu cha fisi, ndiye anayekaa na watoto wanaoanza. Wanapokwama nasikia anawaambia wasubiri kidogo, hili neno gumu. Hata watoto wa jirani wanaokwenda shule wamekuwa wakija, nao wanakaribishwa.

Kapu hilo sasa lina vitabu 43, na 11 tu kati yake ni vya Kiswahili. Msomaji, kama una kitabu cha watoto cha Kiswahili kilicholala kabatini kwa sababu wenye nacho wameshakua, kitoe wiki hii umpe mtoto aliye karibu nawe.